Ugomvi Uliolala Chini ya Vita Baridi

Usiku wa tarehe 28 Januari 2003, Rais George W. Bush alisimama mbele ya Bunge la Marekani kutoa hotuba ya kila mwaka kuhusu hali ya nchi. Ndani ya hotuba hiyo moja alizungumzia mambo mawili ambayo leo ni vigumu kuamini kwamba yalitoka katika kinywa kimoja. Aliwaomba wabunge watenge dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI barani Afrika na katika visiwa vya Karibi, mpango uliokuja kujulikana kwa jina la PEPFAR. Kisha akaeleza kwa nini Iraq ya Saddam Hussein haikustahili kuvumiliwa tena. Wahafidhina wa chama chake cha Republican waliyapigia makofi yote mawili. Kufikia mwisho wa Machi majeshi yalikwisha kuingia Iraq, na mwezi Mei sheria ya UKIMWI ikatiwa saini. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika nayo. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Januari 2025, rais mwingine wa chama hicho hicho, aliyeomba kura kwa kuviita vita vya Iraq kosa kubwa, alitia saini siku yake ya kwanza ofisini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mizigo miwili ambayo chama kiliibeba kwa bega moja, sasa kilikuwa kinaitua yote miwili.

Jibu linalotolewa haraka, vijiweni na hata redioni, ni jina la mtu mmoja: Donald Trump. Husemwa kwamba aliwakuta wahafidhina wa Marekani wakiwa na itikadi moja iliyonyooka, ya soko huria, jeshi lenye nguvu na maadili ya Kikristo, akaja akaivuruga. Jibu hilo halitoshi, na sisi tunaoitazama Marekani kwa mbali linatupotosha zaidi, kwa kuwa linatufanya tudhani kwamba mtu huyo akiondoka mambo yatarudi kama yalivyokuwa. Historia inaonyesha jambo jingine. Wahafidhina wa Marekani hawakuwahi kuwa ukoo mmoja. Walikuwa koo tatu au nne zilizoishi chini ya paa moja kwa sababu nje kulikuwa na adui aliyewatisha wote, Umoja wa Kisovyeti. Adui huyo alipoanguka mwaka 1991, maswali waliyoyaweka kando kwa miaka 40 yaliamka: ushuru wa forodha, uhamiaji, vita vya ng'ambo, na kama Marekani inawiwa chochote na watu wa nchi nyingine. Mabishano ya leo kuhusu Ukraine, bidhaa za China, mpaka wa Mexico na dawa za UKIMWI ni maswali hayo hayo.

Neno letu lenyewe linasaidia kulifikiria jambo hili. Mhafidhina ni mwenye kuhifadhi, na mwenye kuhifadhi huulizwa kwanza anahifadhi nini. Muulize mwenye kiwanda cha Ohio wa mwaka 1925, atakujibu kwamba anahifadhi ukuta wa ushuru unaomkinga na bidhaa za Uingereza na Ujerumani. Muulize mchumi wa Chicago wa mwaka 1975, atasema anahifadhi uhuru wa soko, na kwamba ukuta ule ule ni wizi wanaofanyiwa wanunuzi. Muulize mchungaji wa Virginia, atataja familia na ibada. Wote watatu huitwa kwa jina moja, na kila mmoja anaamini kwa moyo safi kwamba wenzake ndio waliopotea njia.

Kabla ya Vita Kuu vya Pili, sauti iliyotawala ilikuwa ya mwenye kiwanda. Chama cha Republican kilikuwa chama cha ushuru tangu enzi za Abraham Lincoln. William McKinley alipata umaarufu kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890 iliyobeba jina lake, kabla hajawa rais. Mwaka 1930 wachumi 1,028 walimsihi Rais Herbert Hoover akatae sheria ya ushuru ya Smoot na Hawley. Hakuwasikiliza, akaitia saini. Mwaka 1924 Rais Calvin Coolidge alikuwa ameidhinisha sheria ya uhamiaji iliyoweka mafungu kwa kufuata asili ya mtu, ikawabana watu wa Ulaya ya Kusini na Mashariki na kuwafungia mlango karibu kabisa watu wa Asia. Kuhusu vita, msimamo ulikuwa kujitenga. Kamati iliyojiita America First, yaani Marekani Kwanza, iliundwa mwaka 1940 kupinga kuingia katika vita dhidi ya Hitler, ikavunjwa siku chache tu baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941. Msemo huo uliosikika tena mwaka 2016 haukutungwa mwaka 2016. Hata baada ya vita, Seneta Robert Taft wa Ohio, aliyeheshimika kiasi cha kuitwa Bwana Republican, alipiga kura mwaka 1949 kuukataa mkataba wa NATO. Aliona kwamba nchi inayojifunga kulinda kila mpaka wa Ulaya itakuwa na jeshi kubwa lisilokwisha, kodi kubwa zisizokwisha, na rais mwenye mamlaka makubwa kuliko Katiba inavyotaka. Mwaka 1952 alishindwa na Jenerali Dwight Eisenhower kuwania tiketi ya chama, na mwaka uliofuata akafariki. Hoja zake hazikujibiwa. Ziliachwa tu, kwa sababu Stalin alikuwa ameshika nusu ya Ulaya.

Hapo ndipo alipoingia William F. Buckley Mdogo, kijana asiyetimiza miaka 30, aliyeanzisha jarida la National Review mwezi Novemba 1955. Ukitazama aliowakusanya utaona ustadi wake na pia udhaifu wa kazi yake. James Burnham alikuwa mfuasi wa Trotsky kabla ya kugeuka. Frank Meyer alikuwa mkomunisti kwa miaka mingi. Whittaker Chambers, aliyejiunga nao baadaye, alikuwa amewahi kuwapelelezea Wasovyeti. Pembeni yao walikaa wapenzi wa mila kama Russell Kirk, aliyetoa kitabu chake kuhusu fikra za kihafidhina mwaka 1953, na watetezi wa soko waliofuata fikra za Friedrich Hayek. Meyer ndiye aliyejaribu kuwapatanisha kwa hoja: uhuru bila maadili huoza, na maadili yanayolazimishwa na dola si maadili, hivyo mpenda soko na mpenda dini wanahitajiana. Ni hoja nzito, na siidharau. Lakini Hayek mwenyewe aliandika mwaka 1960 insha iliyoeleza kwa nini yeye si mhafidhina, na Kirk hakuacha kuwashuku wale waliodhani soko peke yake linajenga jamii. Hoja peke yake isingewatosha. Kilichowaweka pamoja ni kwamba ukomunisti ulimtisha kila mmoja kwa namna yake: mfanyabiashara aliona mali yake ikitaifishwa, mwumini aliona makanisa yakifungwa, na mzalendo aliona taifa geni lenye mabomu ya nyuklia.

Kila ukoo ulilipa kitu ili kuingia chini ya paa hilo. Watu wa Taft walimeza NATO na kambi za jeshi zilizotapakaa duniani. Wapenda soko walimeza bajeti kubwa ya ulinzi na kodi zake. Na chama cha ushuru kilikubali taratibu biashara huria, kwa kuwa wakati huo biashara huria ilikuwa silaha: soko la Marekani lilifunguliwa kwa Japani na Ujerumani Magharibi ili wasivutwe na Moscow. Mfanyakazi wa kiwanda aliyepoteza kazi kwa sababu ya chuma cha kutoka nje aliweza kuambiwa kwamba hiyo ni gharama ya kulinda ulimwengu huru. Jibu hilo lilikuwa na maana mwaka 1960. Mwaka 1995 lilikuwa limebaki jibu bila sababu.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwamba ninazungukia itikadi na kuacha kiini, ambacho ni rangi ya ngozi. Pingamizi hilo lina ushahidi na halifai kukwepwa. Mwaka 1957 jarida la Buckley lilichapisha tahariri iliyotetea haki ya Wazungu wa majimbo ya Kusini kuendelea kutawala hata pale walipokuwa wachache, kwa madai kwamba wao ndio waliokuwa mbele kwa ustaarabu. Buckley alikuja kukiri uzeeni kwamba alikosea kuhusu haki za raia, lakini kukiri huko kulichelewa sana kwa watu waliokuwa wakinyimwa kura wakati tahariri ile inaandikwa. Barry Goldwater, mgombea wa kwanza wa harakati hiyo, aliikataa Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 kwa hoja ya mamlaka ya majimbo na uhuru wa mwenye mali. Mwezi Novemba alishinda majimbo sita tu: Arizona ya kwao, na matano ya Kusini ya ndani ambako Weusi walikuwa bado wanazuiwa kupiga kura. Hakuna historia ya kweli ya wahafidhina wa Marekani inayoweza kuliruka jambo hilo. Hata hivyo, rangi haielezi kila kitu. Haielezi kwa nini wahafidhina Weupe wenyewe kwa wenyewe wanachaniana nguo kuhusu ushuru, kuhusu Ukraine, au kuhusu mpango wa UKIMWI uliobuniwa na rais wao na kuungwa mkono na walokole wao. Kwa hayo inabidi kurudi kwenye paa na koo zake.

Hata mambo ya kijamii, ambayo kwa mbali huonekana kama imani isiyobadilika, yalijengwa kwa muda. Mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulipitisha mwaka 1971 azimio lililotaka sheria iruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, ikiwemo afya ya mama, hata afya ya akili na hisia zake. Ronald Reagan, akiwa gavana wa California, alitia saini mwaka 1967 sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba. Kabla ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1973 katika kesi ya Roe, iliyotambua haki ya kutoa mimba, upinzani mkubwa ulitoka kwa Wakatoliki, ambao wengi wao walikuwa wapiga kura wa Democratic. Aliyeonyesha nguvu ya akina mama wa makanisani alikuwa Phyllis Schlafly wa Illinois, Mkatoliki, aliyeanza mwaka 1972 kupinga marekebisho ya Katiba kuhusu usawa wa wanawake wakati karibu kila mtu Washington aliyaona kuwa yamekwisha kupita. Yalihitaji majimbo 38. Yalikwama kwenye 35, na muda ukaisha mwaka 1982. Schlafly alikuwa pia mwana wa mrengo wa Taft: aliyashuku mabenki ya New York na mikataba ya kimataifa tangu kitabu chake cha mwaka 1964 kilichompigia debe Goldwater. Jina lake litarudi.

Enzi ya Reagan ndiyo iliyokamilisha jengo. Alishinda majimbo 44 mwaka 1980 na 49 mwaka 1984, na kila ukoo ulipata fungu lake: kodi zilipunguzwa, jeshi likaongezwa, wachungaji wakakaribishwa ikulu. Lakini nyufa zilikuwapo kwa aliyetaka kuziona. Mwaka 1981, serikali iliyosifu soko huria iliibana Japani hadi ikakubali kupunguza magari inayoyauza Marekani. Mwaka 1986 Reagan alitia saini sheria iliyowapa ukaazi halali wahamiaji wapatao milioni 2.7 waliokuwa nchini bila vibali, pamoja na ahadi kwamba waajiri watadhibitiwa ili jambo hilo lisitokee tena. Ahadi ya pili haikutimizwa. Anayetaka kuelewa kwa nini neno "msamaha" likitajwa pamoja na uhamiaji humfanya mhafidhina wa leo afunge masikio, aanzie mwaka huo.

Ukuta wa Berlin ukaanguka mwezi Novemba 1989. Mwezi Desemba 1991, wiki mbili kabla Gorbachev hajajiuzulu, Patrick Buchanan alitangaza kushindana na Rais George H. W. Bush ndani ya chama chao. Buchanan hakuwa mtu wa kuokotwa: aliwahi kufanya kazi ikulu kwa Nixon na kwa Reagan, na ukomunisti aliuchukia kwa ujana wake wote. Ndiyo maana hoja yake ilikuwa na uzito ambao wakubwa wa chama hawakutaka kuupima. Alisema vita tulivyopigana vimekwisha na tumeshinda. Basi askari warudi nyumbani, misaada ya nje ikomeshwe, mpaka ufungwe, na viwanda vyetu vilindwe. Alipinga hata vita vya Ghuba vya mwaka huo. Akatumia msemo wa mwaka 1940, Marekani Kwanza, bila haya. Katika kura za mchujo za New Hampshire, jimbo dogo lililokuwa limepigwa na mdororo wa uchumi, alipata zaidi ya theluthi moja ya kura dhidi ya rais aliyekuwa madarakani, rais aliyetoka kushinda vita. Mwezi Agosti mjini Houston aliuambia mkutano mkuu wa chama kwamba vita vipya ni vya utamaduni na vya kuipigania roho ya nchi. Waandishi wengi walikumbuka hotuba hiyo kwa ukali wake kuhusu mashoga na utoaji mimba. Sehemu nyingine, karibu na mwisho, ilizungumzia watu wa miji midogo waliopoteza ajira, na ikasahaulika. Nadhani kusahau huko kuliwagharimu wakubwa wa chama kuliko ukali wenyewe.

Wakubwa hao waliendelea na njia yao. Mkataba wa NAFTA wa biashara huria na Mexico na Canada ulipopigiwa kura katika Baraza la Wawakilishi mwezi Novemba 1993, wabunge 132 wa Republican waliuunga mkono pamoja na 102 wa Democratic. Yaani sheria ya mkataba huo, ambayo rais wa Democratic aliitia saini, ilipitishwa kwa nguvu ya wahafidhina. Buchanan akarudi mwaka 1996 na kushinda New Hampshire kabla ya kushindwa katika kinyang'anyiro kizima. Mwaka 2000 aligombea kwa tiketi ya chama kidogo cha Reform, akaambulia chini ya nusu ya asilimia moja. Aliyetaka kuamini kwamba fikra zake zimezikwa alikuwa na takwimu za kumfariji.

Na hapo ndipo penye pingamizi gumu kuliko yote dhidi ya hoja yangu. Ikiwa kamba ilikatika mwaka 1991, kwa nini mzigo haukumwagika hadi mwaka 2016? Miaka 25 ni mingi. Sehemu ya jibu ni kwamba taasisi hufa polepole: magazeti, vituo vya utafiti na wafadhili waliokulia Vita Baridi waliendelea kuwafundisha vijana somo lile lile. Sehemu ya pili ni mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, yaliyowapa adui mwingine wa pamoja kwa miaka kadhaa. Sehemu ya tatu ndiyo naipa uzito zaidi. Mwaka 1992 hasara alizozitabiri Buchanan zilikuwa bado hazijafika kwa watu wengi. China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwezi Desemba 2001. Ajira za viwandani, zilizokuwa zaidi ya milioni 17 mwaka 2000, zilishuka chini ya milioni 12 kufikia mwaka 2010. Si China peke yake iliyosababisha, mashine nazo zilichukua kazi, lakini mtu wa Michigan au North Carolina aliyeona geti la kiwanda likifungwa alihesabu anachokiona. Vita vya Iraq viliua karibu askari 4,500 wa Marekani, baadhi yao vijana wa miji kama hiyo, pamoja na Wairaki wengi mno. Kisha mwezi Septemba 2008 benki zikayumba, na serikali ya Bush ikaomba dola bilioni 700 za kuziokoa. Katika kura ya kwanza wabunge 133 wa Republican walimkatalia rais wao, 65 tu wakakubali. Kura hiyo iliupiga ufa uongozi wa chama, na hapo Trump alikuwa bado mtu wa televisheni.

Katikati ya miaka hiyo ilipandwa mbegu nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Seneta Jesse Helms wa North Carolina alikuwa kwa muda mrefu adui mkubwa wa misaada ya nje, na maneno yake dhidi ya wagonjwa wa UKIMWI nchini mwake yalikuwa makali na ya kuumiza. Mwezi Machi 2002, akiwa karibu kustaafu, na akiwa amekiri kuona haya kwa kutofanya zaidi, alipendekeza gazetini dola milioni 500 za kuzuia mama asimwambukize mtoto. Waliomgusa walikuwa Franklin Graham, mhubiri, pamoja na mwanamuziki Bono. Mwaka uliofuata Bush akaja na bilioni 15. Huu nao ulikuwa uhafidhina, wa ukoo wa kanisa: kwamba uhai ni amana ya Mungu, wa mtoto aliye tumboni huko Texas na wa mama aliye kitandani Mwanza. Serikali ya Marekani hukadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 25. Bush alipofika Dar es Salaam mwezi Februari 2008 na kutia saini pamoja na Rais Jakaya Kikwete mkataba wa dola milioni 698 za barabara, umeme na maji, alipokelewa kwa furaha ambayo wakati huo hakuipata katika miji mingi ya Ulaya. Wanaosema wahafidhina wa Marekani hawajawahi kuijali Afrika hawasemi kweli. Lakini ukoo wa Taft na Buchanan haukuwahi kukubali kwamba kazi hiyo ni ya serikali. Ulikuwa umenyamaza tu.

Ukimya uliisha kwa hatua. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32 muswada wa uhamiaji ambao ungewapa mamilioni njia ya kuwa raia. Baraza la Wawakilishi lililoshikwa na Republican halikuupeleka hata kwenye kura. Mwezi Juni 2014 Eric Cantor, kiongozi wa wabunge wengi wa baraza hilo, aliangushwa katika mchujo wa jimbo lake la uchaguzi na David Brat, mwalimu wa uchumi aliyemshambulia kwa uhamiaji na ukaribu wake na matajiri. Trump alitangaza kugombea mwaka mmoja baadaye. Mwezi Februari 2016, katika mdahalo wa South Carolina, jimbo lenye wanajeshi wengi na lililowapenda akina Bush, alisema mbele ya Jeb Bush kwamba vita vya Iraq vilikuwa kosa na kwamba watu walidanganywa. Rais mstaafu alikuja mwenyewe kumpigia kampeni mdogo wake. Wiki moja baada ya mdahalo Trump alishinda jimbo, na Jeb akajitoa usiku huo huo. Jarida la Buckley lilikuwa limetoa mwezi mmoja kabla toleo zima la kumpinga, likiwakusanya waandishi 22 wa kila mrengo. Miaka ya 1960 jarida hilo liliweza kumtenga Robert Welch, kiongozi wa John Birch Society aliyemshuku hata Eisenhower kuwa wakala wa wakomunisti. Safari hii halikumtenga mtu. Mwezi Machi Phyllis Schlafly, mwenye miaka 91, alipanda jukwaani St. Louis kumuunga mkono Trump. Alifariki mwezi Septemba. Kwa waliofuata maisha yake tangu 1964, hakuwa amegeuka.

Simaanishi kwamba mtu huyo hana uzito wake. Wako wapiga kura wanaomfuata yeye kuliko hoja yoyote, na akibadili kauli nao hubadili. Tena ukoo wa kanisa na ukoo wa kodi walipata kwake walichokitafuta kwa muda mrefu: punguzo la kodi mwaka 2017, na majaji watatu wa Mahakama ya Juu waliowezesha hukumu ya Dobbs ya tarehe 24 Juni 2022, iliyofuta Roe. Lakini ushindi huo nao ulifungua ugomvi. Karibu wiki sita baadaye wananchi wa Kansas, jimbo la kihafidhina kwa kila kipimo, walikataa kwa takriban asilimia 59 kuiondoa haki ya kutoa mimba katika katiba yao ya jimbo. Na ilani ya Republican ya mwaka 2024 ikaliachia kila jimbo suala hilo, jambo lililowachoma walokole wengi.

Kura ya tarehe 20 Aprili 2024 inaonyesha mstari ulipo kuliko maelezo mengi. Dola zipatazo bilioni 61 za Ukraine zilipitishwa katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 311 dhidi ya 112. Kura zote 112 za hapana zilikuwa za Republican. Za ndiyo katika chama hicho zilikuwa 101. Hilo ndilo swali la Taft la mwaka 1949, na chama kiligawanyika karibu nusu kwa nusu. Mwezi Aprili 2025 Trump alipoweka ushuru kwa karibu dunia nzima, miongoni mwa waliokimbilia mahakamani walikuwa mawakili wa taasisi ya wapenda soko huria, wakidai kodi ni kazi ya Bunge. Mwezi Juni, ndege za Marekani zilipokaribia kuipiga Iran, mtangazaji Tucker Carlson, aliyepinga, alimhoji Seneta Ted Cruz, aliyeunga mkono, na mahojiano yao yakageuka mzozo. Wote wawili walikuwa wamemuunga mkono rais mmoja.

Methali yetu inasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Kwa ugomvi huu haiwezekani, maana mavuno yenyewe yamo ndani yake. Mwezi Septemba 2023 sheria ya PEPFAR, iliyokuwa imehuishwa mara tatu bila matata makubwa, iliachwa imalize muda wake baada ya baadhi ya makundi ya kihafidhina kudai kwamba fedha zake zinawafikia watetezi wa utoaji mimba. Waliousimamia mpango walikanusha. Mwaka uliofuata ikaongezewa mwaka mmoja tu. Kisha ikaja amri ya Januari 2025. Ruhusa ya dawa za kuokoa maisha ilitolewa baada ya siku chache, lakini wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo walikwisha kuambiwa wasije kazini, na mgonjwa wa dawa za kufubaza virusi hawezi kuruka dozi akisubiri maelezo ya Washington. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilifungwa rasmi, na mengi ya yaliyosalia yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje.

Mwezi uliotangulia Ikulu ilikuwa imepeleka bungeni ombi la kufuta takriban dola bilioni 9 zilizokwisha kuidhinishwa, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Ndani yake zilikuwamo milioni 400 za PEPFAR. Democratic hawakuwa na kura za kuzuia chochote. Waliogoma ni maseneta wa Republican wenyewe, baadhi yao wakiikumbuka kwa jina kazi ya Bush, na Ikulu ikalegeza. Muswada ulipita katika Seneti tarehe 17 Julai kwa kura 51 dhidi ya 48, ukiwa umekata mabilioni mengine yote, na zile milioni 400 zikiwa zimetolewa kwenye orodha.